Simu inasema umefungwa, wewe bado upo mchezoni: mikao ya chesi inayozisumbua injini

Kila Jumamosi asubuhi hapa chuoni tunakuwa na vijana wa chesi, wengi wa sekondari, na mimi kazi yangu ya siku zote ni kufundisha kompyuta kwahiyo nimejikuta nasimamia vyote viwili. Kilichonifanya niandike ni kwamba siku hizi kijana akimaliza mechi tu, kabla hata hajapanga kete upya, ameshatoa simu na kuingiza mechi yake kwenye Stockfish, injini yaani programu ya kuchezea chesi, anaangalia ile baa ya pembeni inayoonyesha nani yuko mbele. Baa ikipanda alicheza vizuri, ikishuka alicheza vibaya, basi. Ukimuuliza kosa lilikuwa wapi anakuambia "Mwalimu, injini imesema".

Injini ni kali kweli, hilo tuliweke wazi mapema. Mei 1997 kule New York mashine ya IBM inaitwa Deep Blue ilimfunga Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa wakati ule, kwa pointi 3.5 kwa 2.5, na ilikuwa inapitia mikao, yaani mipangilio ya kete kwenye bodi, kama milioni 200 kwa sekunde moja. Leo programu ya bure kwenye simu ya kawaida inamfunga bingwa yeyote utakayemleta. Ila ile namba unayoiona kwenye baa ni makadirio, watu wengi hawalijui hili, wanaisoma kama matokeo ya mtihani yaliyobandikwa ukutani.

Makadirio yanapatikanaje? Injini inafanya vitu viwili. Cha kwanza inatazama mbele: nikicheza hivi, akijibu hivi, nikicheza vile. Tatizo ni wingi. Chukua kwamba kila mtu akifika zamu yake ana michezo, yaani hatua za kusogeza kete, kama 30 za kuchagua, basi mkicheza mara moja kila mtu ni njia 900, mara mbili kila mtu ni njia 810,000, na hapo hata hamjafika popote. Claude Shannon, mwanahisabati wa Marekani, aliliandika hili tangu 1950, alikadiria mechi zinazowezekana ni 1 ikifuatwa na sifuri 120. Hakuna kompyuta itakayomaliza hiyo. Kwahiyo injini inakata matawi, yale yanayoonekana ya kijinga inayapitia juu juu au inayaacha kabisa, alafu ikifika kina fulani inasimama. Hapo ndipo kinakuja cha pili, inaupima mkao iliosimama: nani ana kete za thamani zaidi, mfalme yuko salama, pawni ziko wapi. Tangu Stockfish 12 ya Septemba 2020 kazi hiyo ya kupima imeingiziwa mtandao wa neva (programu inayojifunza kwa mifano) mdogo unaokimbia hata kwenye simu, na ukali umeongezeka sana, lakini umbo la kazi ni lile lile, tafuta alafu kadiria. Sasa kama jibu la mkao liko mbali kuliko pale ilipoishia kutazama, au limejificha kwenye tawi ililolikata, au kipimo chenyewe kinadanganywa na wingi wa kete, namba inatoka ya uongo na inatoka kwa kujiamini kabisa.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ulitolewa mwaka 2017 na taasisi ya Roger Penrose, yule mwanahisabati wa Uingereza ambaye 2020 alipata Nobel ya fizikia. Naomba uchukue bodi uupange, usisome tu (herufi ni safu ya wima, a iko kushoto kwa weupe, na namba ni mstari wa kulala, 1 iko upande wa weupe). Weupe: mfalme e2, pawni a2, b3, c4 na c6. Weusi: mfalme a6, malkia a5, minara a4 na b5, pawni a3, a7, b4, b6 na c5, na maaskofu watatu e5, f4 na g3. Seti ya kawaida ina maaskofu wawili tu kila upande kwahiyo sisi wa tatu tulimweka kizibo cha soda.

Ukihesabu kwa thamani zile za kufundishia, malkia 9, minara miwili 10, maaskofu watatu 9, weusi wanazidi kwa 28 na pawni moja juu. Injini ya kawaida inapiga hesabu hiyo inasema weusi wanashinda, tena kwa mbali. Sasa angalia bodi taratibu. Malkia mweusi hana pa kutoka, pande zote amezungukwa na kete zake mwenyewe. Minara hivyo hivyo. Pawni zote nyeusi zimegota. Mfalme wao pia hawezi kusogea, chumba pekee kilichobaki ni b7 na kinalindwa na pawni nyeupe ya c6. Kwenye jeshi lote lile wanaotembea ni maaskofu watatu tu, na wote watatu wako kwenye vyumba vyeusi! Askofu wa chumba cheusi hagusi chumba cheupe hadi mwisho wa dunia. Pawni zote za weupe ziko kwenye vyumba vyeupe. Mfalme wa weupe akitembea kwenye vyumba vyeupe tu hakuna wa kumgusa. Anazunguka zake, e2, d3, anarudi e2, mpaka inafika michezo 50 kila upande bila kete kuliwa wala pawni kusogea, na kwa sheria hiyo ni droo.

Hii ndiyo wachezaji wanaiita ngome. (Ndiyo maana kete ile ya pembeni, ambayo wengine wanaiita ngome, mimi naiita mnara, nisichanganye watu.) Mtu anaiona ngome kwa kujiuliza swali moja tu: huyu anaingilia wapi? Haingii? Basi hata awe na malkia kumi. Injini haijiulizi hivyo, yenyewe inapitia askofu huku, askofu kule, maelfu kwa maelfu ya njia ambazo zote ni kitu kile kile, na kikomo cha michezo 50 kiko mbali mno haikioni, alafu kila inaposimama kupima inakuta 28 ziko pale pale. Kwahiyo inarudi na jibu weusi wanashinda.

Nilipoupanga mkao huu siku ya kwanza kijana mmoja wa kidato cha pili akanyoosha mkono, "Mwalimu, mbona huu mnara ni wa bure?" Na kweli, pawni ya b3 inaweza kula mnara wa a4, na ya c4 inaweza kula wa b5. Nikamuuliza wewe umetokea kwenye drafti eeh? Darasa zima likacheka maana ni kweli, amekulia kwenye drafti ya kijiweni, na kule ukiwekewa kete kinywani kula ni lazima. Hapa sio lazima, na ukila umekwisha. Ukila a4 malkia mweusi anaila hiyo pawni na ameshatoka kifungoni, ukila b5 mlango umefunguka vile vile. Ile minara inawafungia weusi wenyewe ndani, iache. Kijana alikaa na hilo kama dakika tano anaangalia tu bodi, na mimi nikamwacha, kwa sababu dakika tano zile zina faida kuliko baa ya simu ya wiki nzima.

Kuna watu waliligundua hili la ngome mapema wakalifanya silaha. Mwaka 2008 Hikaru Nakamura, mchezaji mkali wa chesi wa Marekani, alicheza mtandaoni na Rybka, injini iliyokuwa inatamba kipindi hicho, mechi ya dakika tatu tatu. Alichofanya aliifunga bodi, pawni zikagongana pua kwa pua pote, hakuna njia, alafu akawa anasogeza kete mbele na nyuma tu. Rybka ilijiona inaongoza. Sasa kikomo cha michezo 50 kilipokaribia ikaona itatoka droo, na kwa namba zake yeye anayeongoza hatakiwi kukubali droo, kwahiyo ikaanza kutoa vitu vyake yenyewe ili mchezo uendelee. Ikajibomoa. Mechi ilifika michezo 271 na Nakamura akashinda. Ukiitazama utaona mashine haikuchoka wala haikukosea hesabu, ilikuwa inaamini namba isiyo sahihi na inaifuata mpaka shimoni.

Aina ya pili ya mikao inayozisumbua injini ni tofauti, hapa jibu lipo ila linaonekana la kijinga kwa hiyo linakatwa. Linares, Hispania, 1998, wachezaji wakubwa wawili, Veselin Topalov akicheza weupe na Alexei Shirov weusi. Weupe mfalme g1, askofu c3, pawni g2 na h4. Weusi mfalme e6, askofu f5, pawni a4, d5, f6 na g6. Maaskofu wa rangi tofauti, mmoja anatembea vyumba vyeusi na mwingine vyeupe, mikao ya hivi mara nyingi inaishia droo hata ukiwa umezidi pawni mbili. Shirov akamchukua askofu wake akamweka h3, pale pawni ya g2 inapoweza kumla bure. Watu walishangaa. Siri yake iko kwenye njia ya mfalme: mfalme mweusi anataka kufika e4 kupitia f5 akazisindikize pawni zake mbili, na aliyeziba njia ni askofu wake mwenyewe. Ukimtoa askofu polepole kwenda popote, mfalme mweupe anapata mchezo mmoja anawahi f2, e3, amefunga mlango. Ukimtoa kwa kutishia g2 mweupe lazima ajibu, na huo mchezo mmoja ndio uliokosekana. Topalov akala, mfalme mweusi f5, kisha e4, akawahi mbele, na pawni za a na d zikashinda askofu mmoja peke yake. Programu za miaka ile hazikuwa zinaliona hili kabisa, kutoa askofu wa mwisho kwenye mwisho wa mechi ni tawi linalokatwa mapema. Za leo zinaipata, ukiziachia muda.

Kuna na hili dogo la kiufundi, sitakaa sana. Injini nyingi zina njia ya mkato: inajifanya imeruka zamu, inampa mpinzani acheze mara mbili mfululizo, na kama hata hivyo bado iko vizuri inasema tawi hili halina haja ya kuchimbwa. Inaokoa muda mwingi sana. Ila imesimama juu ya dhana kwamba kucheza siku zote ni bora kuliko kutulia, na kwenye chesi kuna mikao ambapo yeyote mwenye zamu anaharibikiwa, angeruhusiwa kukaa kimya angekuwa salama. Hapo mkato unatoa jibu baya. Waandishi wa programu wanajua, ndio maana wengi wanauzima zikibaki pawni na wafalme tu.

Je kuna mahali injini haikadirii? Ipo, zikibaki kete 7 au pungufu, wafalme wakiwemo, majibu yote yameshahesabiwa na kuhifadhiwa, pale unapata ukweli kamili. Mkao wa Penrose una kete 17. Na utafiti unaendelea, mwaka 2023 watu wa DeepMind, kampuni ya akili bandia ya Google, walichukua AlphaZero, programu yao ya chesi, wakaifanya kama timu ya wachezaji wenye mitindo tofauti badala ya mmoja, na timu hiyo ikatatua mafumbo magumu mara mbili ya yale AlphaZero ya kawaida iliyoyaweza, ikiwemo mikao ya aina ya Penrose.

Kwa wewe unayejifunza, ninachoomba ni mpangilio tu. Maliza mechi, kaa na mwenzako mzungumze bila simu, andikeni pembeni mnadhani nani alikuwa vizuri na kwanini, ndipo mfungue injini. Ikisema tofauti na nyie cheza ule mstari wa michezo inayoupendekeza hatua kwa hatua mpaka uone faida inatokea wapi kwenye bodi. Ukiona inasogeza kete huku na kule namba haibadiliki, shuku ngome. Ukiona mchezo wa ajabu unaokuvutia na injini inaukataa, iache dakika kadhaa iendelee kuchimba kabla hujaufuta, sekunde mbili hazitoshi.

Turudi Jumamosi ile. Nikasema sawa, tucheze. Yule wa drafti akachukua weupe, mwenzake akachukua weusi na simu kaiweka pembeni ya bodi inamwambia anashinda. Tukaweka punje 50 za maharage kwenye kisahani, kila weupe wakicheza inatoka moja. Mfalme mweupe akawa anatembea vyumba vyeupe tu, nilimwona anagusa kila chumba kwa kidole kwanza kuhakikisha rangi. Wa weusi akawa anamkimbiza na maaskofu, anamzunguka, hamshiki. Akapanda taratibu, d3, e4, d5, e6, mpaka akakaa d7. Zilikuwa zimebaki kama punje 20 hivi wakati yule wa weusi, kwa hamu ya kumbana, akamtoa askofu wa mwisho aliyekuwa analinda c7. Wa weupe alisita, akanitazama, sikusema kitu. Akasukuma c7. Mfalme mweusi akakimbilia b7 lakini pawni ikaingia c8 ikawa malkia, mfalme wa d7 anamlinda, na hakuna pa kwenda: mati, mfalme amenaswa na mechi imeisha. Malkia mweusi na minara yake miwili bado wako pale pale pembeni walipoanzia, hawajasogea hata chumba kimoja. Wa weusi akapanga kete upya hapo hapo, kizibo akakirudisha g3, akaomba safari hii yeye ndio awe mweupe.