Pombe Inayomfikia Mtoto Hupitia Mkono wa Mtu Mzima

Kila tunapoitwa kuzungumza na wanajamii kuhusu watoto wanaokunywa pombe, swali la kwanza huwa lile lile: "Tuwafanyeje hawa vijana?" Mimi huomba tuanzie upande wa pili. Mtoto wa miaka 14 hatengenezi pombe, hana leseni ya kuiuza, na mara nyingi hana hata fedha yake mwenyewe. Basi alichokunywa kilitoka wapi? Tukiifuata njia ya ile chupa kurudi nyuma, karibu kila mara tunamkuta mtu mzima: muuzaji ambaye hakuuliza umri, kaka aliyemnunulia, mjomba aliyemwonjesha kwenye sherehe, mzazi aliyeacha kabati wazi. Kumbadilisha kijana tabia ni safari ndefu. Kumzuia mtu mzima asimpe pombe ni jambo linaloweza kuanza jioni hii.

Kwanza niseme kwa nini umri una uzito kiasi hiki. Ubongo wa binadamu huendelea kukomaa mpaka kwenye miaka 25 hivi, na sehemu yake ya mbele, ile inayotupa kusita kabla ya kutenda, ndiyo huchelewa kuliko zote. Kilevi hulegeza sehemu hiyo hiyo. Kwa mtu mzima kinalegeza breki zilizokwisha kukazwa. Kwa kijana kinalegeza breki ambazo fundi bado anazikaza. Ndiyo maana madhara yanayompata mtoto haraka si yale ya ini tunayoyazoea kwa walevi wa miaka mingi. Ni ajali ya barabarani, kuzama majini, ugomvi, ngono ambayo hakuiridhia au haikumbuki. Majaribio ya maabara kwa wanyama walio katika umri unaolingana na balehe yameonyesha pia kwamba wao hawalemewi upesi na usingizi na kupepesuka kama wanyama wazima. Dalili hizo ndizo humwambia mnywaji kuwa imetosha. Kijana basi anaweza kuonekana mchangamfu, anacheka na kuzungumza, ilhali kilevi kilichomo kwenye damu yake tayari ni cha hatari.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa pombe ilisababisha vifo milioni 2.6 mwaka 2019, na likaonyesha kwamba watu wa miaka 20 hadi 39 ndio walioumizwa kupita kiasi. Hao ni watu waliokuwa watoto juzi tu. Uchambuzi mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 1997, unaotajwa sana katika fani yetu, ulikuta kwamba miongoni mwa walioanza kunywa kabla ya miaka 15, takriban 40 kwa kila 100 walikuja kuwa tegemezi wa pombe wakati fulani maishani. Kwa walioanza wakiwa na miaka 20 au zaidi, walikuwa kama 10 kwa kila 100. Haki inadai niongeze jambo: si tone la kwanza peke yake linaloleta tofauti hiyo. Watoto wengi wanaoanza mapema tayari wana mzigo mwingine, kama kipigo nyumbani, mzazi mlevi au huzuni isiyosemwa. Nitaurudia mzigo huo baadaye.

Hoja ya "bora anywe mbele yangu"

Hii ndiyo hoja ninayokutana nayo mara nyingi zaidi, na huletwa na wazazi wenye upendo. Wanasema samaki mkunje angali mbichi: nikimfundisha kunywa kwa kiasi hapa nyumbani, hatakwenda kulewa huko nje. Inasikika kama busara. Lakini nchini Australia watafiti waliwafuatilia vijana 1,927 kwa miaka 6 na kuchapisha matokeo mwaka 2018. Hawakuona kwamba kupewa pombe na mzazi kulimlinda kijana na lolote. Kinyume chake, waliopewa na wazazi walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuipata pia kwa watu wengine, na kadiri walivyoipata ndivyo unywaji wa kupindukia na madhara yalivyoongezeka.

Nadhani sababu si ngumu kuiona. Mzazi anapomimina kidogo kwenye glasi ya mwanawe, yeye anaona somo la kiasi. Mtoto anaona ruhusa. Na ruhusa haijui kipimo. Haimwambii mtoto kwamba ilikuwa ya nyumbani tu, ya siku ile tu, ya glasi ile tu. Samaki tunamkunja kweli, ila tunamkunjia upande tusioutaka.

Kinachofanya kazi ni cha kawaida zaidi, na kinachosha. Mzazi ajue mtoto yuko wapi, yuko na nani na atarudi saa ngapi. Aseme waziwazi, mapema, kwamba katika nyumba hii mtoto hanywi mpaka afikie umri wa kisheria, na aeleze kwa nini. Azungumze na wazazi wa marafiki zake ili msimamo uwe mmoja, maana nyumba moja yenye mlango wazi huwatosha watoto wa mtaa mzima. Na ampe mtoto ahadi hii: ukijikuta mahali palipoharibika, nipigie saa yoyote, nitakuja kukuchukua, na usiku huo sitakugombeza. Mazungumzo yatafanyika kesho. Nimeona wazazi wakisita kutoa ahadi hiyo kwa kuogopa kuonekana dhaifu. Mimi naona ndiyo kauli yenye nguvu kuliko zote, kwa sababu inamwondoa mtoto kwenye gari la dereva aliyelewa.

Tunachoweza kufanya pamoja

Iceland ni mfano unaostahili kutazamwa kwa utulivu. Mwaka 1998, vijana 42 kwa kila 100 wa miaka 15 na 16 nchini humo walisema walikuwa wamelewa katika mwezi uliotangulia. Kufikia mwaka 2016 walikuwa 5 kwa kila 100. Unywaji wa vijana ulipungua katika nchi nyingine pia miaka hiyo, lakini si kwa kasi hiyo. Walifanya nini? Waliwauliza wanafunzi wenyewe, mara kwa mara, bila kuandika majina, kisha majibu yakarudishwa haraka kwa kila shule na kila eneo, ili watu wajadili watoto wao na si watoto wa takwimu za kitaifa. Wazazi waliwekeana ahadi za maandishi. Sheria iliwataka watoto wa miaka 13 hadi 16 wawe nyumbani saa 4 usiku majira ya baridi na saa 6 usiku majira ya joto. Umri wa kununua pombe ulikuwa miaka 20 na matangazo ya pombe yalipigwa marufuku. Fedha za umma zikawekwa kwenye michezo, muziki na sanaa, chini ya usimamizi wa walimu wenye ujuzi, ili mtoto wa familia isiyo na uwezo naye apate pa kwenda baada ya masomo.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalomhubiria mtoto. Yote yanabadilisha kile kinachomzunguka.

Muuzaji naye ana nafasi yake, na hapa jamii nyingi hukata tamaa mapema mno. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1984 iliyoyanyima sehemu ya fedha za barabara majimbo yaliyoruhusu pombe iuzwe kwa walio chini ya miaka 21, na kufikia mwaka 1988 majimbo yote yalikuwa yamekubali. Vifo vya vijana barabarani vilipungua. Lakini sheria ya karatasini hailindi mtu. Katika jaribio lililofanywa miaka ya 1990 kwenye jamii 15 za majimbo ya Minnesota na Wisconsin, wananchi walipojipanga na kuwafuata wauzaji, maofisa na wasimamizi wa leseni, wauzaji walianza kudai vitambulisho zaidi, na vijana wa miaka 18 hadi 20 wakapunguza kuwanunulia wadogo zao. Kanuni rahisi ya dukani ni kudai kitambulisho kwa yeyote anayeonekana hajafika miaka 25, bila kubahatisha sura. Leseni zinapohuishwa, wananchi wafike na kusema wanachokiona. Siku hizi tuongeze na pombe inayoagizwa kwa simu na kuletwa mlangoni: anayeikabidhi naye ni muuzaji, na awajibike kuuliza umri vilevile.

Kuhusu mihadhara ya kutisha shuleni nitasema kwa kifupi. Miongozo ya kimataifa ya kinga iliyotolewa na Umoja wa Mataifa mwaka 2013 na kuboreshwa 2018 haiungi mkono vitisho wala kuwaleta waraibu waliopona kusimulia maisha yao mbele ya wanafunzi. Najua nia huwa njema. Afadhali muda huo utumike kumzoeza mtoto, kwa vipindi vingi, jinsi ya kukataa bila kuaibika na jinsi ya kuomba msaada. Aelezwe pia ukweli kwamba wenzake wanaokunywa ni wachache kuliko anavyodhani, maana vijana wengi hujazwa wazo la "wote wanakunywa".

Akiwa ameshaanza

Sasa ule mzigo niliousema. Mtoto anayekunywa mara kwa mara asifukuzwe nyumbani wala shuleni kabla hajaulizwa kinachomkimbiza. Uliza ukiwa mtulivu, naye akiwa hajalewa: unalala vizuri? Kuna mtu anakuumiza? Huwa unakunywa ili usahau nini? Sikiliza jibu lote. Ikiwa anakunywa kila siku na akikosa anatetemeka au kutokwa jasho, msimwachishe ghafla nyumbani, kwa sababu anaweza kupata degedege. Apelekwe kituo cha afya.

Na kuna usiku ambao hauna nafasi ya mazungumzo. Mtoto amelewa, haamki hata ukimtikisa, anatapika akiwa usingizini, anapumua polepole au kwa vituo virefu, ngozi yake ni ya baridi au imepauka kuelekea ubuluu. Hiyo ni sumu ya pombe. Kilevi kilichomo tumboni huendelea kuingia kwenye damu hata baada ya funda la mwisho, kwa hiyo "mwache alale itaisha" ni kauli inayoua. Kahawa haisaidii, maji ya baridi yanaweza kumshusha joto zaidi, na kumlazimisha atapike kunaweza kumkaba. Isitoshe, sukari kwenye damu ya mtoto hushuka upesi. Ikiwa alikunywa pombe isiyojulikana ilikotengenezwa na sasa anasema haoni vizuri, huenda ina methanoli, aina ya kilevi yenye sumu kali, hata kama saa nyingi zimepita tangu anywe.

Ita msaada wa dharura mara moja. Mlaze ubavu, usimwache peke yake hata dakika moja, hesabu anavyopumua. Wahudumu wakifika waambie alikunywa nini, kiasi gani na saa ngapi. Waambie hata kama aliyempa ni wewe.