Handel na siku 24 za Messiah: ile spidi ilitoka wapi?

Kila Krismasi stori inarudi ileile, kwamba Handel alijifungia ndani siku 24, hali wala halali, mbingu zikamfungukia akaandika Messiah yote, ule muziki mrefu wa kwaya, waimbaji wa solo na okestra. Siku 24 ni kweli jamani, tarehe kaziandika mwenyewe kwenye karatasi zake, kaanza 22 Agosti 1741 kamaliza 14 Septemba. Ila hayo ya mbingu yalikuja kusimuliwa baadaye sana, na mimi nayeshinda na nota na kufundisha kwaya naona ile spidi ina maelezo mengine kabisa.

Kwanza huyu alikuwa mtu wa opera, yaani michezo ya jukwaani inayoimbwa. Kazaliwa Halle, Ujerumani, 1685, mzee wake kinyozi na mpasuaji (enzi hizo ilikuwa fani moja) anataka kijana asome sheria, kijana akaishia kwenye okestra ya opera Hamburg, akaenda Italia, halafu London, na huko akaandika opera za Kiitaliano mpaka jumla yake zikapita 40. Msimu unakuja, waimbaji wameshalipwa, lazima uandike tu. Alipomaliza Messiah wala hakukaa sana, mwisho wa Oktoba mwaka huohuo alishamaliza rasimu ya Samson, kazi nyingine kubwa ya aina hiyohiyo. Yaani ule ndio ulikuwa mwendo wake wa kawaida.

Pili, ukifungua kurasa zake hazijajaa. Solo nyingi ni vayolini, mwimbaji na besi basi, kodi za katikati (zile nota zinazopigwa kwa pamoja) anajijazia mpiga kinanda mwenyewe akisoma besi.

Tatu ndiyo naipenda mimi: alijiazima mwenyewe. Julai 1741, wiki chache tu kabla, alitunga nyimbo za Kiitaliano za soprano wawili, mambo ya mapenzi. Sasa ile kwaya ya Isaya 9, "Maana kwa ajili yetu mtoto amezaliwa", muziki wake umetoka humo, kwenye wimbo wa mtu aliyechoshwa na mapenzi anasema hapana, siwaamini tena! Ule wa Kiitaliano unaanza na "No" nzito, ndo maana kwenye Kiingereza, "For unto us a child is born", ule uzito umeangukia "For", kaneno kadogo ambako mtunzi asingekakazia angekuwa anaanza upya. Na zile nota za mbiombio zinazowatesa besi kila mazoezi, bwana, zilitungwa kwa masoprano wawili wepesi wa koo, sio kwa kundi la wanaume ishirini waliotoka kazini.

Charles Jennens, aliyepanga maneno yote kutoka kwenye Biblia, hakufurahi, aliona Handel kaharakisha na angeweza kufanya vizuri zaidi. Mimi namwelewa kidogo, ila Dublin, kule Ireland, hawakumsikiliza. Onyesho la kwanza 13 Aprili 1742 watu walikuwa wengi mpaka wanawake waliombwa wasivae magauni yaliyotanuliwa kwa pete kubwa ndani na wanaume waache panga nyumbani, ili ukumbi uingize watu zaidi. Hela zilienda kwa hospitali mbili na kulipia madeni ya wafungwa, 142 wakatoka.

Na Haleluya sio mwisho wa Messiah wala sio ya Krismasi. Inafunga sehemu ya pili, baada ya mateso, ufufuo na Zaburi ya 2 ile ya fimbo ya chuma, halafu sehemu ya tatu inafunguka taratibu kabisa, soprano peke yake na maneno ya Ayubu, najua ya kuwa Mteteaji wangu yu hai. Na ile stori ya mfalme George II wa Uingereza kusimama Haleluya ikiimbwa haina ushahidi wa wakati ule hata kwamba alihudhuria. Kwa hiyo mwalimu mwenzangu, ukiiweka Haleluya kwenye Pasaka hujakosea, umeirudisha kwenye mahali ambapo Jennens na Handel waliiweka.