Mwomba hifadhi ni nani, na kwa nini hukwama bandarini?

Taarifa ya habari ikionyesha watu waliojazana Calais, kaskazini mwa Ufaransa, wakitafuta namna ya kuvuka kwenda Uingereza, sisi hapa Moshi huwaita wote wakimbizi. Wakikamatwa Waethiopia mkoani kwetu wakielekea Afrika Kusini, tunawaita wote wahamiaji haramu. Mara zote mbili tumeshahukumu kabla hajasikilizwa hata mmoja.

Mwomba hifadhi ni mtu aliyetoka nchini kwake, akaieleza mamlaka ya nchi nyingine kwamba akirudishwa atadhurika, na bado anasubiri jibu. Akikubaliwa, anatambuliwa kuwa mkimbizi. Mhamiaji ni neno pana tu: fundi anayefuata kazi, mwanafunzi, mke anayemfuata mumewe.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1951 unamlinda anayehofia kuteswa kwa sababu ya rangi, dini, utaifa, kundi lake la kijamii au msimamo wake wa kisiasa. Afrika, kupitia mkataba wa OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) wa 1969, ikaongeza anayekimbia uvamizi na machafuko makubwa, na mwaka 1979 wajumbe wa bara zima walikutana Arusha kuzungumzia wakimbizi. Kukosa pasipoti hakumwondolei mtu haki ya kuomba. Sheria ya Tanzania ya 1998 inamtaka ajitokeze kwa ofisa ndani ya siku 7, hata kama alipita njia ya panya. Hapo ndipo ilipo tofauti kubwa, kwa maoni yangu: kujitokeza na kusema.

Sasa, useme ukiwa umesimama wapi? Anayetoka Taveta, Kenya, kuja kwetu hugongewa mihuri ya nchi zote mbili Holili, upande wa Tanzania wa mpaka, kwenye kituo cha pamoja. Maofisa wa Kenya wapo jengo hilohilo, lakini msafiri ameshakanyaga ardhi ya Tanzania. Akisema anaomba hifadhi, analisema hilo Tanzania.

Calais mpango umegeuzwa. Kwa makubaliano ya Ufaransa na Uingereza ya Le Touquet ya 2003, maofisa wa Uingereza hukagua pasipoti bandarini Ufaransa, abiria akiwa hajapanda meli. Ukimwomba ofisa huyo hifadhi, ombi lako ni la Ufaransa kulishughulikia. Uingereza hupokea maombi ya walioko ndani ya nchi yake, na haina viza ya kwenda kuomba hifadhi. Kwa hiyo mwenye kisa cha kweli kabisa na asiye nacho hujikuta wanavizia lori moja. Kambi kubwa ya Calais ilibomolewa Oktoba 2016, watu wakaendelea kuja, na tangu 2018 wengi wamekuwa wakivuka kwa boti za mpira mlango wa bahari ambao penye wembamba ni kama kilomita 33.

Mtu atauliza, si waombe hukohuko Ufaransa? Wengi huomba. Wanaong'ang'ania kuvuka mara nyingi wana ndugu ng'ambo, au Kiingereza ndiyo lugha ya kigeni wanayoijua. Wengine alama zao za vidole zilichukuliwa Italia au Ugiriki walikoingilia, na kwa kanuni ya Dublin ya Umoja wa Ulaya, ambayo kwa kawaida huiachia ombi nchi ya kwanza mtu alikoingilia, Ufaransa inaweza kuwarudisha huko. Uingereza iliachana na kanuni hiyo mwisho wa 2020.