Uzembe wa fundi: maana yake, na nani hubeba hasara

Fundi amekuja kutundika rafu. Anatoboa ukuta, drili inapiga bomba lililofichwa nyuma ya plasta, maji yanaruka. Mpaka koki kuu ije ionekane, zulia limeloa na kabati la mbao limeanza kuvimba. Mwenye nyumba anasema, “Utalipa.” Fundi anajibu, “Bomba sikuliona, ningejuaje?” Huenda wote wawili wanasema kweli, na ndiyo maana ugomvi wa aina hii huwa mchungu kiasi hiki.

Neno linaloamua ugomvi huo ni uzembe, na hapo ndipo watu wengi wanapotezana. Katika mazungumzo ya kila siku, mzembe ni mvivu, mtu asiyejali. Fundi aliyetoka jasho tangu asubuhi akiambiwa amefanya uzembe, husikia tusi. Katika sheria neno hilo halipimi jasho wala nia. Linapima jambo moja tu: je, alichukua tahadhari ambayo fundi wa kawaida mwenye ujuzi wa kazi ile angechukua? Mtu anaweza kuwa mchapakazi, mwaminifu, mwenye moyo mzuri, na siku hiyo akawa amefanya uzembe. Anaweza pia kuvunja kitu bila uzembe wowote. Anayeelewa tofauti hii ataweza kudai haki yake bila kumvunjia fundi heshima, na fundi ataweza kukubali kosa bila kuona ameitwa mtu mbaya.

Turudi kwenye ule ukuta. Mafundi wanajua kwamba mabomba kwa kawaida hupanda na kushuka wima au kwenda mlalo kutoka kwenye koki, na nyaya vivyo hivyo kutoka kwenye swichi na soketi. Kutoboa juu ya koki moja kwa moja bila kuuliza na bila kupitisha kifaa cha kutambua mabomba na nyaya ukutani ni kukiuka jambo ambalo kazi yenyewe inalifundisha. Huo ni uzembe. Lakini tuseme bomba lilikuwa la plastiki, ambalo vifaa vingi vinavyotafuta chuma havilioni, na mjenzi wa zamani alilipitisha kimshazari katika ukuta usio na koki hata moja. Tuseme pia mwenye nyumba mwenyewe aliulizwa akasema ukuta ule hauna kitu. Tundu ni lile lile na maji ni yale yale, ila jibu limebadilika.

Suala hili ni la kale kuliko drili. Ulpian, mwanasheria wa Roma aliyeishi mwanzoni mwa karne ya 3, aliandika juu ya kikombe cha kioo kilichopelekwa kwa fundi ili kichongwe nakshi, kikavunjika mikononi mwake. Maneno yake yalihifadhiwa katika Digesta, mkusanyo wa sheria uliotolewa na mfalme Justinian mwaka 533. Jibu lake lina sehemu tatu, na sijaona maelezo bora zaidi ya jambo hili. Kikombe kikivunjika kwa sababu fundi hakuwa na ujuzi, anawajibika. Kikivunjika kwa sababu kilikuwa na nyufa tangu mwanzo, anaweza kusamehewa. Na kwa sababu hiyo, anasema, mafundi walikuwa na kawaida ya kukubaliana na mteja mapema kwamba hawafanyi kazi hiyo kwa hatari yao.

Sehemu ya kwanza inagusa kauli ambayo bado tunaisikia: “Nilijitahidi, ila kazi ya namna hii sijawahi kuifanya.” Sheria ya Kirumi ilikwisha kuijibu: kukosa ujuzi kunahesabiwa kuwa kosa. Anayejitangaza kuwa fundi umeme hupimwa kwa kipimo cha fundi umeme, wala hapimwi kwa kipimo cha mtu aliyeanza wiki iliyopita. Kama kazi inamzidi, tahadhari anayodaiwa ni kusema inamzidi.

Sehemu ya pili, ile ya nyufa, ndiyo inayozua kesi nyingi zaidi majumbani. Fundi bomba anakuja kubadilisha koki ya sinki. Anafunga koki ya kuzuia maji iliyo chini ya sinki, inakatika mkononi, jiko linafurika. Koki ile ilikuwa imeliwa na kutu kwa miaka mingi. Mkono wowote ungeivunja. Je, ni haki alipe? Kwa kuivunja tu, mara nyingi hapana. Lakini swali haliishii hapo. Fundi anayejua kazi anaitambua koki iliyooza kwa kuitazama. Alipaswa kumwambia mwenye nyumba kabla ya kuigusa, na kufunga maji kwenye koki kuu kwanza ili hata ikikatika, kinachomwagika kiwe kikombe kimoja na si mapipa. Kwa hiyo anaweza asidaiwe koki, akadaiwa kabati lililoharibiwa na mafuriko. Kwa upande mwingine, mwenye nyumba anayejua kwamba dari inavuja au kigae kimelegea akanyamaza, naye anabeba sehemu yake. Nchi nyingi huruhusu hasara igawanywe kwa kadiri ya kosa la kila mmoja. Uingereza, kwa mfano, ilitunga sheria ya kugawanya hivyo mwaka 1945.

Kuna madeni mawili hapa ambayo watu huyachanganya kuwa moja. Deni la kwanza ni kazi mbovu: rangi imebanduka, bomba jipya linavuja, kigae kimepachikwa upande. Dawa yake ni kurekebisha kazi ile ile, au kupunguziwa bei. Deni la pili ni uharibifu wa mali nyingine ambayo haikuwa sehemu ya kazi: zulia, kabati, televisheni, dari ya jirani wa chini. Dawa ya hili ni fidia. Sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli, zilizochongwa kwenye jiwe karibu miaka 3,750 iliyopita, ziliyataja yote mawili katika kifungu ambacho wasomi hukihesabu cha 232: nyumba ikianguka kwa ujenzi mbovu na kuharibu mali, mjenzi atalipa mali yote iliyoharibika, na nyumba ataijenga upya kwa gharama yake mwenyewe.

Tofauti hiyo ina uzito mkubwa leo kwa sababu ya bima. Mafundi wengi wenye bima wana ile ya madhara kwa watu wengine, na kwa kawaida hulipia deni la pili tu. Itanunua zulia, haitalipa gharama ya kufunga upya bomba lililofungwa vibaya. Mwenye nyumba anayeandika barua moja inayochanganya yote mawili huishia kukataliwa yote, au kusubiri miezi. Tenganisha: hili naomba ulirudie, hili naomba unilipe.

Sasa ushahidi. Anayedai ndiye anayethibitisha, na mengi ya ushahidi hupotea katika saa ya kwanza, tena kwa mkono wa mwenye nyumba anayetaka pakauke haraka. Usalama utangulie: funga maji, zima umeme kwenye swichi kuu kama maji yamefika karibu na soketi, toa watoto. Kisha piga picha kabla ya kudeki. Piga za karibu na za mbali, zinazoonyesha kifaa cha fundi kilikuwa wapi na maji yalifika wapi. Kipande kilichokatika usikitupe, wala usimwachie fundi aondoke nacho; bomba lililochanika au waya ulioungua husema mengi kwa mtu atakayekuja kukagua. Halafu, siku hiyo hiyo, mwandikie fundi ujumbe mfupi usio na hasira: kilichotokea, saa ngapi, nini kimeharibika, na unasubiri nini kutoka kwake. Mali bila daftari huisha bila habari, na katika madai ya fidia methali hii haina chumvi hata kidogo.

Wengi hukata tamaa kwa sababu hawakuwapo nyumbani. Wamerudi, wamekuta kioo cha meza kimepasuka na fundi anasema hakukigusa. Hapo sheria ina msaada wake. Mwaka 1863 mahakama ya Uingereza ilipokea kesi ya mtu aliyekuwa akipita barabarani Liverpool, pipa la unga likamwangukia kutoka dirisha la ghorofani. Hakuna aliyeweza kusema lilidondokaje. Mahakama iliona kwamba mapipa hayatoki madirishani yenyewe. Tukio lilitosha kumtaka mwenye duka ajieleze. Vivyo hivyo, chumba kikiwa mikononi mwa fundi peke yake, na kilichotokea ni cha aina isiyotokea pasipo uzembe, mzigo wa kueleza unamwelemea yeye. Haimaanishi umeshinda. Inamaanisha kwamba “sijui” yake haitoshi kufunga mjadala.

Kiasi cha fidia nacho kina kanuni yake, na hapa nitawaudhi baadhi ya wasomaji. Mwaka 1880 Jaji Blackburn, katika kesi ya Livingstone dhidi ya kampuni ya makaa ya Rawyards, aliieleza hivi kwa kifupi: fidia ni kiasi cha fedha kitakachomrudisha aliyeumia, kadiri inavyowezekana, mahali ambapo angekuwa kama kosa lisingetokea. Fidia ipo kukurudisha ulipokuwa. Zulia la miaka minane likimwagiwa rangi, hukupoteza zulia jipya. Ulipoteza zulia la miaka minane, na makato ya uchakavu ni ya haki hata kama yanauma.

Lakini kuna vitu ambavyo haviwezi kurudishwa nusu. Mwaka 1970 mahakama ya rufani ya Uingereza iliamua kesi ya kiwanda cha Harbutt's kilichoungua chote. Mafundi walikuwa wamefunga bomba la plastiki lisilostahimili joto, wakawasha umeme wa kulipasha moto usiku bila mtu wa kuliangalia. Walitaka gharama ipunguzwe kwa kuwa kiwanda kilichojengwa baada ya moto kilikuwa kipya na kile cha kwanza kilikuwa cha kale. Mahakama ilikataa: mwenye kiwanda hakuwa na njia nyingine ila kujenga. Kwa hiyo fundi akivunja dirisha lako kuukuu, usikubali makato ya umri wake. Dirisha la mitumba lenye ufa wa wastani halipo sokoni, na upepo hausubiri. Kwa vigae vilivyovunjika ambavyo havitengenezwi tena, mabishano ni halali kwa pande zote mbili: kubadilisha kimoja kunaacha baka, kubadilisha sakafu nzima huenda kunazidi hasara. Hapo makubaliano ya katikati huwa na busara kuliko kesi.

Na usiache hasara ikue ili dai linone. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa sheria ukuta huo utaujenga kwa fedha zako. Zulia lililoloa lisipoinuliwa na kuanikwa, ukungu wa wiki ya tatu ni wako, haumhusu fundi. Gharama za kuokoa mali, kama vile kukodi mashine ya kukausha au kufunika paa kwa turubai, zinadaiwa zikiwa za kiasi, tunza risiti.

Vipi kuhusu ujira? Kishawishi cha kukataa kulipa hata senti ni kikubwa, ninakielewa, ila mara nyingi humgeuza mdai kuwa mdaiwa. Kazi iliyokamilika vizuri ina malipo yake hata kama kioo kilivunjika njiani. Ni salama zaidi kuandika kwamba unazuia kiasi kinacholingana na hasara hadi suala litatuliwe, ukiambatisha makadirio ya mafundi wawili wengine. Mpe pia nafasi ya kurekebisha, isipokuwa kama kazi yake ni ya hatari, maana wengi wakipewa nafasi kabla ya kuaibishwa hurudi na vifaa vyao.

Kama fundi ametumwa na kampuni, dai lako ni kwa kampuni, kwa sababu mwajiri hubeba makosa ya mfanyakazi yaliyotokea kazini. Shemeji aliyekuja kukusaidia ana kipimo kingine. Mwaka 1958, katika kesi ya Wells na Cooper, mwenye nyumba alifunga mwenyewe mpini wa mlango, ukang'oka, muuza samaki aliyeuvuta akaanguka. Mahakama ilisema anapimwa kwa seremala mwenye uwezo wa kazi ndogo kama ile, bila kudaiwa viwango vya mkandarasi, ikamwona hana kosa.

Ile sehemu ya tatu ya Ulpian bado iko hai. Karatasi za mafundi huwa na mstari unaosema kazi ni kwa hatari ya mwenye mali. Mstari huo una haki yake panapokuwa na ufa unaojulikana na umetajwa waziwazi: “dari hii imeoza, nikiigusa inaweza kushuka.” Kama kinga ya jumla dhidi ya uzembe, nchi nyingi haziukubali, sheria ya haki za watumiaji ya Uingereza ya mwaka 2015 inamdai mfanyabiashara afanye kazi kwa uangalifu na ujuzi wa kiasi, na haimruhusu kujivua wajibu huo kwa mkataba.

Karatasi nyingine ya kuangalia ni ile inayoletwa pamoja na fedha, yenye maneno “malipo kamili na ya mwisho.” Ukishaitia sahihi, dai limekwisha. Maji yaliyoingia chini ya sakafu ya mbao huweza kuchukua wiki kadhaa kujionyesha, kwa mbao kujikunja na ukungu kupanda ukutani. Subiri sakafu ikauke kabisa kabla ya kushika kalamu, au andika juu ya karatasi hiyo kwamba yatakayojitokeza baadaye kutokana na maji yale hayajalipwa.