Ofseti ya rimu ni nini, na kwa nini rimu ya gari nyingine inaingia nati zote na bado haifai

Watu wengi wakienda Gerezani au Ilala pale Dar, au Grogan kule Nairobi, kutafuta rimu za mtumba za kuvalisha Corolla 110 au Starlet ya zamani, wanauliza swali moja tu, ina matundu mangapi? Muuzaji anasema nne, inajaribishwa, nati zinaingia, hela inatoka. Sasa matundu yakilingana maana yake rimu itashika kwenye habu, yaani kile kitovu cha gari kinachofungwa rimu, basi. Kama tairi litakaa pale ambapo gari ilitengenezwa likae hiyo ni habari nyingine, na hiyo habari ndo inaitwa ofseti.

Iko hivi. Chukua rimu, pima upana wake, pata mstari wa katikati kabisa. Halafu geuza uangalie ule uso wa nyuma unaokaa kwenye habu. Umbali kati ya ule mstari na ule uso, kwa milimita, ndo ofseti, na mara nyingi inaandikwa ET halafu namba, mfano ET45, au wanaweka tu +45. Ule uso ukiwa upande wa nje wa mstari ofseti ni chanya, na gari ndogo za Kijapani karibu zote ziko hivyo, nyingi zinacheza kwenye 35 mpaka 55. Ukiwa palepale kwenye mstari ni sifuri. Ukiwa upande wa ndani ni hasi, ndo zile rimu zenye bakuli kubwa kwa nje unaziona kwenye pikapu na Land Cruiser zilizopigwa rimu pana.

Kinachowachanganya watu ni kwamba namba ikishuka tairi linatoka nje, namba ikipanda tairi linaingia ndani. Na upana wa rimu nao unaingia kwenye hesabu. Tuseme gari yako ina rimu ya 6J ET45, 6J maana yake upana wa inchi 6, na umepata ya 7J ET35, inchi moja ya upana inagawanyika pande mbili, milimita 12.7 kila upande, halafu ofseti imeshuka 10. Kwa hiyo ukingo wa nje unatoka milimita 22.7 zaidi na wa ndani unaingia 2.7 tu. Milimita 22 kwenye Corolla ni nyingi sana, ukipakia watu watatu nyuma ukapita tuta unasikia fenda inakwangua tairi.

Na fenda ndo tatizo dogo. Tairi likitoka nje sana uzito wa gari unaacha kukaa pale beringi ilipopangiwa kuubeba, kwa hiyo beringi inaanza kulia mapema, na steringi inakuwa nzito au inakuvuta kila tairi moja likiingia shimoni. Likiingia ndani sana nalo linagusa shokapu au rimu inagusa kalipa ya breki, na hii mi naiogopa zaidi, manake huioni kwa nje, tairi linasagika ukuta wa ndani taratibu mpaka linapasuka ukiwa barabarani na familia. Baadhi wanatibu kwa kuweka spesa, yaani bamba linalokaa kati ya habu na rimu kuisogeza nje, lakini spesa nyembamba ya kupachika tu inakula urefu wa stadi, zile bolti za habu zinazoshika nati, nati inabaki imeshika nyuzi chache, na gurudumu linaloshikwa na nyuzi chache halina usalama hata kama gari inaenda polepole.

Kuna vitu viwili vinatembea pamoja na ofseti na watu wanavisahau kabisa, tundu la katikati na kikalio cha nati, yaani pale kwenye rimu nati inapokalia. Chukua mfano wa rimu za Honda Fit kwenye Corolla 110, wengi wanafanya hii. Matundu ni 4x100 kote, yaani manne kwenye duara la kipenyo cha milimita 100, nyuzi za nati ni M12x1.5 kote, yaani stadi ya milimita 12 na nyuzi zinazoachana milimita 1.5, unaona safi kabisa. Lakini tundu la katikati la Fit ni milimita 56.1 na habu ya Corolla ni 54.1, kwa hiyo rimu haikaliwi na habu, inaning'inia kwenye stadi peke yake, na ikikaa pembeni kidogo tu gari inatetemeka ukifika 80 au 90, unaenda balansi mara ya kwanza, ya pili, fundi anakwambia tairi mbovu kumbe tairi halina kosa. Dawa yake ni ringi ya katikati ya 56.1 kwa 54.1 inayojaza hiyo nafasi, kitu kidogo na cha bei nafuu. Halafu nati, Honda rimu zake orijino zina kikalio cha duara kama kibakuli, rimu nyingi za Toyota za kiwandani za aloi zinatumia nati bapa zenye washa, na rimu nyingi za sport zinataka nati ya koni. Ukifunga nati ya koni kwenye kikalio cha duara inagusa mstari mwembamba tu, unakaza leo, kesho imelegea. Kwa hiyo ukinunua rimu nunua na nati zake, usikubali uambiwe nati ni nati.

Upande wa matundu matano ndo balaa zaidi. Premio 240, Allion na Wish ni 5x100, Impreza na Forester za zamani nazo 5x100, watu wanabadilishana. Rimu ya Subaru inaingia kwenye Toyota ukiweka ringi, manake tundu lake ni 56.1, ila ya Toyota haiingii kwenye Subaru, tundu la 54.1 haliwezi kupita kwenye habu ya 56.1, na ukiona fundi anashika tupa ili alipanue mwambie asubiri kwanza, hiyo kazi ni ya mashine, mkono hauwezi kutoa duara. Nati pia usihamishe, Subaru na Nissan ni M12x1.25, ukiilazimisha kwenye stadi ya Toyota unaua nyuzi.

Kama rimu haina namba ya ofseti imeandikwa, tafuta nyuma ya spoku kwanza, ikikosekana pima. Laza rimu kifudifudi, weka rula ndefu juu ya kingo za nyuma, pima kutoka rula mpaka uso wa habu. Halafu pima upana wote ukingo kwa ukingo, gawanya kwa mbili, toa kwenye kile kipimo cha kwanza. Rimu ya 6J kingo kwa kingo inakuja kama 178, nusu ni 89, ukipata 134 kwa rula basi ni ET45. Tofauti ya milimita 5 na orijino mi siisumbukii, 10 naangalia vizuri, zaidi ya hapo natafuta nyingine. Ukiwa umeshaigeuza hivyo angalia na ndani kama kuna alama ya kuchomelewa, ikiwepo iache hapohapo.

Na gari ya zamani springi zimeshalala, busha zimechoka, kwa hiyo nafasi iliyokuwepo ilipotoka kiwandani sasa hivi haipo yote. Ndo maana kujaribisha gari ikiwa kwenye jeki haitoshi. Ishushe chini, kata steringi mpaka mwisho kushoto na kulia, pakia watu nyuma, zungusha gari polepole usikilize, kisha ingiza mkono nyuma ya tairi, kati yake na shokapu, uone kama vidole vinapita. Nati zikazwe kwa msalaba, Toyota ndogo nyingi ni 103 Nm (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), na ukishatembea kama kilomita 50 hivi zikazwe tena.