Mdudu hakula jino: yasemwayo kuhusu meno ya watoto, na ukweli wake

Binti wa jirani yangu ana miaka minne. Akicheka huziba mdomo kwa kiganja, maana meno manne ya mbele, ya juu, yamebaki vigutu vya kahawia. Ya chini ni meupe kabisa. Nilipomuuliza bibi yake, hakuwa na wasiwasi: "Mwanangu, hayo ya utoto, yataanguka tu."

"Ya utoto, yataanguka tu"

Yataanguka, sawa, lakini lini? Meno ya utoto ni 20. Ya mbele huanza kutikisika mtoto akikaribia miaka sita, ila magego hukaa mpaka miaka 10, mengine 12. Gego likitoboka leo kwa mtoto wa miaka minne, ana miaka sita au zaidi ya kutafunia upande mmoja na kuamka usiku analia. Usaha ukifika kwenye mzizi unaweza kuliharibu jino la ukubwani linalojijenga chini yake. Na gego liking'olewa mapema, majirani zake huegemea pengo. La ukubwani likija halina pa kupita, linaota kombo.

Linaloniuma zaidi ni hili. Mtoto akitimiza kama miaka sita, huota gego jipya nyuma kabisa, baada ya gego la mwisho la utoto. Hakuna jino lililong'oka kulipisha, kwa hiyo nyumbani hakuna anayejua kwamba limekuja. Wakiliona wanadhani nalo ni la utoto. Hilo ni la kudumu, ndilo atakalotafunia mpaka uzeeni, na ndilo linalotoboka haraka: juu lina mifereji inayoshika chakula, na linavyochomoza polepole linakuwa chini ya usawa wa wenzake, mswaki unalipita juu kwa juu. Mwambie mwanao apanue mdomo, washa tochi ya simu, hesabu kuanzia katikati kwenda nyuma. La sita ndilo hilo.

"Mdudu kala jino"

Tumekua nalo hili, na bado wapo wanaofukizwa moshi ili mdudu atoke. Hakuna mdudu mwenye kichwa na mkia. Kuna bakteria wasioonekana kwa macho, wanaoishi kwenye ukoga, ule utando unaoteleza ukipitisha ulimi asubuhi. Wao hula sukari tunayokula na kutoa asidi, na asidi hiyo hunyonya madini ya jino. Mate huiosha na kurudisha madini kidogo kidogo, kazi ya nusu saa mpaka saa nzima. Mtoto akilamba kitu kingine kitamu kabla muda huo haujaisha, kazi inaanza upya.

Ndiyo maana kuhesabu vijiko vya sukari peke yake hakutoshi. Hesabu na mara ngapi kwa siku. Mtoto anayemaliza pakiti ya ubuyu wa rangi palepale baada ya chakula cha mchana anaumia kidogo kuliko yule anayeutia mfukoni na kumumunya punje mojamoja kutoka mapumziko mpaka anafika nyumbani. Pipi ya kijiti ni vilevile. Na usiilaumu pipi peke yake: chai ya sukari, biskuti, juisi ya boksi, hata dawa ya kikohozi tamu anayopewa akiwa tayari kitandani, vyote vinawalisha bakteria wale wale.

Imani ya kwamba kuna kitu cha kuchimbua kinywani imezaa balaa jingine, "meno ya nailoni". Mtoto mchanga anaharisha, fizi zimevimba, anapelekwa kwa mtu anayezichimba kwa spoku ya baiskeli. Kinachotolewa pale ni jino changa la chonge. Watoto wamepoteza damu, wengine wamekufa, wakati walichohitaji ni ORS, zinki na daktari.

"Maziwa hayana neno"

Hapa ndipo tunarudi kwa binti wa jirani. Kila usiku alilazwa na chupa ya maziwa yenye sukari. Mtu akilala mate hupungua sana, na maziwa hubaki yakiogesha meno ya juu ya mbele. Ya chini hufunikwa na ulimi. Kwa hiyo ukiona ya juu yameoza na ya chini ni mazima, unaweza kukisia habari ya chupa kabla hujaambiwa. Huanza na madoa meupe kama chaki karibu na fizi. Katika hatua hiyo bado jino linaweza kupona. Likishafanya tundu halijizibi.

"Dawa ya meno yenye floraidi itamfanya meno yawe ya kahawia, kama watu wa Arusha"

Meno ya kahawia ya Arusha na Kilimanjaro hayakuoza. Ni floraidi, madini ambayo kwa kiasi kidogo huimarisha jino, iliyozidi kwenye maji yanayopita kwenye miamba ya volkano, ikaingia mwilini meno yakiwa bado yanajengeka ndani ya fizi. Shirika la Afya Duniani linaweka ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita, na zipo chemchemi huko zinazoupita mbali. Magadi ya kulainishia makande nayo huongeza. Anayelea mtoto mdogo huko ampe maji ya mvua akiweza. Floraidi haimo, au imo kiduchu.

Dawa ya meno ni habari nyingine, ilimradi kipimo kiwe sawa. Chini ya miaka mitatu, kiasi cha punje ya mchele. Miaka mitatu mpaka sita, punje ya njegere. Ule mstari mrefu wa kwenye matangazo ni wa kuuza dawa. Ateme, asisukutue kwa maji, ili floraidi ibaki kazini. Na mswaki ushike wewe: mkono wa mtoto wa chini ya miaka saba au nane haujaweza kazi hiyo, hata akikataa kwa mayowe.

Binti wa jirani sasa analazwa na chupa ya maji matupu. Usiku wa kwanza alilia mpaka saa sita na bibi akanuna, akasema tunamtesa mtoto. Wa pili alilia kidogo. Wa nne alilala, bibi bado amenuna.