Datsun 240Z ikianza kulia: tunayoambiwa na mafundi, na ukweli wake

Datsun 240Z, gari la michezo la Kijapani, ilishinda Safari Rally mara mbili: mwaka 1971 na Edgar Herrmann akiwa na Hans Schüller, kisha mwaka 1973 na Shekhar Mehta akiwa na Lofty Drews. Ndiyo maana gari hili lina heshima yake huku kwetu, na kila fundi wa makamo ana la kusema likianza kutoa mlio usioeleweka. Kuna maneno yanayosaidia. Mengine yameua injini ambazo hazikuwa na ugonjwa wowote.

Dhana: Ikigonga, imenoki, yaani injini imekufa kwa ndani.

Hii ndiyo iliyonitoa fedha nyingi kuliko zote. Gari langu lilianza kupiga ta-ta-ta kila asubuhi, mlio mkavu wa chuma, unaokwenda mbio ukikanyaga mafuta. Gereji moja wakaniambia beringi za konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na kranki, zimekwisha, injini ishushwe. Ikashushwa. Beringi zikakutwa nzima, hazina hata mkwaruzo. Tukarudisha injini, na asubuhi ya kwanza ta-ta-ta ikaanza pale pale ilipoachia.

Kumbe ilikuwa gasketi ya manifoldi ya eksozi, nyuma kabisa kwenye silinda ya 6. Stadi moja, ile bolti inayoibana manifoldi, ilikuwa imekatika, moshi unachomoka kwa kishindo kila silinda ile inapotoa. Na ushahidi ulikuwapo siku zote: masizi kwenye ubavu wa hedi, meusi tititi, upana wa kidole. Hakuna aliyeinama na tochi kuyatazama, wala mimi.

Ukweli ni kwamba mlio una mwendo wake, na mwendo huo unasema zaidi kuliko ukali wake. Kamshafti, mhimili wa juu unaofungua valvu, huzunguka mara moja kranki, mhimili wa chini unaozungushwa na pistoni, inapozunguka mara mbili. Injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, kwenye mizunguko 800 kwa dakika, kranki inazunguka mara 13 hivi kwa sekunde, kamshafti mara 6 au 7. Sikio haliwezi kuhesabu hivyo, lakini taa ya taiming, ile ya fundi inayomulika kila plagi inapopiga cheche, inaweza. Ifunge kwenye waya wa plagi ya silinda ya 1. Taa itawaka mara moja kwa kila mizunguko miwili ya kranki. Mlio ukigonga mara moja kwa kila mwako wa taa, tafuta juu: tapeti (sehemu zinazosukuma valvu), kamshafti, au eksozi inayovuja kwenye silinda moja. Ukigonga mara mbili, sasa una sababu ya kufikiria konrodi.

Halafu zima silinda mojamoja. Chomoa waya wa plagi kwa koleo yenye mipini ya mpira, uwe umeugusisha kwenye bodi kupitia plagi ya ziada, usikilize, rudisha. Tapeti haibadiliki, kwa sababu haijali kama silinda inawaka au la. Konrodi inapungua sauti kwa kuwa pistoni haisukumwi tena. Eksozi inayovuja nayo hupungua, na hapa ndipo wengi hudanganyika. Kinachozitofautisha ni joto. Eksozi hulia sana injini ikiwa baridi, kisha hunyamaza chuma kinapotanuka na kuziba ule upenyo. Konrodi huzidi oili inapopata moto na kuwa nyepesi, na kwa kawaida geji ya presha ya oili huwa imeshaanza kukuonya. Mlio wa gari langu ulikuwa unanyamaza baada ya dakika kumi. Jibu lilikuwa hapo tangu mwanzo.

Dhana: Tapeti zikilia, zikazwe mpaka zinyamaze.

Usikubali. Injini ya L24, ndiyo ya 240Z, imeundwa iwe na nafasi kati ya roka (mkono unaosukuma valvu) na kamshafti: milimita 0.25 kwa valvu za kuingiza na 0.30 kwa za kutoa, ikipimwa ikiwa ya moto. Valvu ya kutoa hupoza kichwa chake inapokuwa imekaa kwenye kiti chake. Ukiinyima nafasi haifungi sawasawa, joto halina pa kwenda, na ukingo wake unaungua. Ile tiki-tiki nyepesi inayosikika juu ya hedi ni ya kawaida kwa injini hii. Mimi 240Z iliyo kimya kupita kiasi ndiyo inayonitia wasiwasi.

Kazi yenyewe inataka spana ya 14 na ya 17, fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi), na subira. Fila inatakiwa ipite kwa kukwama kidogo, kama karatasi unayoivuta chini ya kitabu. Ukishakaza nati pima tena, maana mara nyingi nafasi huwa imehama.

Dhana: Oili nzito inaponya mlio.

Inaufunika tu. Asubuhi oili nzito huchelewa kufika juu, na huko ndiko kamshafti inakoihitaji. Kikaza cheni cha injini hii nacho kinasukumwa na presha ya oili, kwa hiyo mkwaruzo wa sekunde chache mbele ya injini unapowasha unaweza hata kurefuka. Kwenye hedi zenye bomba dogo la kunyunyizia oili kamshafti, fungua kifuniko uone kama matundu yamepitisha. Tundu likiziba, hakuna oili ya dukani itakayolinda sehemu ile.

Na kama cheni yenyewe imelegea, si lazima uinunue mpya siku hiyo. Gia ya kamshafti ina matundu matatu, yaliyowekwa makusudi ili kufidia cheni iliyorefuka. Ila usiitoe gia kabla hujashindilia kabari ya mbao kati ya cheni pale chini. Bila kabari kikaza kinachomoka, na kazi ya saa moja inageuka kufungua mbele yote ya injini.

Dhana: Mlio wa mbele ni pampu ya maji.

Huenda. Injini ikiwa baridi toa mkanda wa feni, washa kwa nusu dakika, zima. Mlio ukipotea, uko kwenye pampu, altaneta au mkanda wenyewe. Dakika tano zimetosha.

Dhana: Ikilia mlimani, pistoni zimechoka.

Kama mlio ni wa kokoto kwenye kopo, na unatokea tu injini inapobebeshwa mzigo, anza na taiming, yaani wakati plagi inapopiga cheche, na petroli. Hewa ya Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, ni nyepesi, na injini iliyotegwa huko huvumilia taiming iliyosogezwa mbele, cheche ikapigwa mapema zaidi. Wapo wanaoisogeza kweli, ili gari liwe na nguvu. Likiteremka Mombasa silinda zinajaa hewa nzito ya pwani, mgandamizo unapanda, na kokoto zinaanza. Wenye gari wanadhani safari ndiyo iliyoiua injini. Rudisha taiming kwenye alama ya kiwandani, tia petroli nzuri, kisha kaipandishe mlima uleule ukiwa umefungua vioo.